Swali la Pili la Mzee Tobia

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila lori linapopanda mlima. Niwe shambani nachuma kahawa, niwe barazani naota jua, hata niwe kanisani katikati ya sala, Mungu anisamehe, gari zito likianza kukaza mlimani mimi huacha nilichokuwa nafanya nikasikiliza. Nasikiliza difu. Wajukuu wananicheka, wanasema babu amesikia sauti ya mchumba wake. Hawajui kwamba wameukaribia sana ukweli.

Zamani hizo, kabla ya Uhuru, nilikuwa fundi wa magari hapahapa Nyaishozi. Sikuwa mtoto wa kushika taa na kufua matambara. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mikono imekomaa, injini naifungua na kuifunga peke yangu, na kichwa changu, nisiseme uongo, kilikuwa kikubwa kuliko debe. Nilifanya kazi kwa Mzee Tobia, Mlutheri wa Nyakahanga, mtu mfupi na mkimya aliyepelekwa na Waingereza vitani Bama, kule Asia, akarudi na vitu viwili: goti lisilokunjika, na ufundi wa magari ya jeshi. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, nguzo za mikaratusi, matete pembeni, mabati juu. Hayo mabati yakumbuke, maana nayo yamo katika habari hii.

Labda hujui difu ni nini, na sikulaumu. Siku hizi mnapanda gari kama mnavyopanda kitanda. Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno, tuliloliita krauni, na gia ndogo iitwayo pinioni inayoleta nguvu kutoka kwenye injini. Hizo mbili husagwa pamoja kiwandani na kupigwa namba moja, kwa hiyo huwezi kuchukua krauni ya huku na pinioni ya kule ukaziozesha. Kazi ya fundi ni kuzikalisha. Zikikaribiana mno zinatafunana, zikiachana mno zinagongana. Na tofauti ya kukaa vizuri na kukaa vibaya ni unene wa bati la kopo la sigara. Mzee Tobia alikata vipande vyake vya kuziachanisha kutoka kwenye makopo hayohayo, akavipanga kwa unene katikati ya kurasa za kitabu cha nyimbo kilichokwisha kuchakaa. Tulikuwa tukisema fundi wetu anafunga gari kwa zaburi.

Sasa utajuaje kama zimekaa? Macho matupu hayaoni. Jeshini walikuwa na rangi ya buluu ya kupaka kwenye meno, lakini Nyaishozi hiyo rangi ingetoka wapi? Mzee Tobia akatengeneza yake: udongo mwekundu wa kichuguu, ukatwangwa, ukachekechwa ukawa laini kama unga wa uji, kisha ukakandwa na samli. Unapaka meno machache ya krauni. Mmoja anazungusha pinioni, mwingine anaizuia krauni kwa kipande cha mti ili ipate uzito. Pale meno yanapogusana udongo unafutika, na jino linabaki na alama. Alama ikizama shinani mwa jino, pinioni imeingia mno. Ikikaa juu nchani, pinioni iko mbali. Inatakiwa ikae katikati, iegemee kidogo upande mwembamba wa jino, kwa sababu mzigo ukishapanda alama husogea.

"Usipange kwa ajili ya gari tupu," alikuwa akiniambia. "Gari tupu halina maneno. Panga kwa ajili ya mzigo."

Alikuwa na sharti jingine lililonikera. Alama isomwe alfajiri tu, ukungu ukiwa bado umelala bondeni na vidole vinauma kwa baridi. Mchana hakubali. Mimi nilidhani ni mazoea ya jeshi, kama lile la kupanga spana kwa urefu, na sikuwahi kumwuliza sababu. Kijana anayejiona anajua kazi haulizi, mwanangu. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, ingawa silo kubwa.

Basi mwaka ule nilikuwa nimependa.

Lori lilikwama kwenye mbuga za wafugaji upande wa Kyerwa, nikatumwa kwenda kulikwamua. Nikiwa chali chini ya gari, uso umejaa oili, nikaona miguu miwili imesimama karibu na gurudumu, na sauti ikasema, "Wewe uliye chini, utakunywa maziwa, au umeshashiba oili?" Nikatoka haraka nikajigonga kichwa. Huyo alikuwa Kokushubira, kwao wakimwita Koku, binti wa Mzee Katabaro. Alicheka mpaka maziwa yakamwagika kidogo kwenye vidole vyake. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimezika wazazi, nimemzika na mke wangu, na bado nikifumba macho naviona vile vidole.

Nilirudi kule mara nne, kila mara na kisingizio cha gari bovu. Mara ya nne Koku akamwambia baba yake wazi kwamba ananitaka mimi, mwana wa wakulima wa migomba nisiye na hata ndama. Mzee Katabaro hakufurahi, ila hakukataa. Alisema kuna watu wengine waliomtumia salamu juu ya binti huyohuyo, watu wenye ng'ombe. Lakini kwa kuwa mtoto amesema, atatupa sisi nafasi ya kwanza. Tuje Jumamosi ya wiki inayofuata, na wazee wetu na mshenga wetu, kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Ng'ombe wakiingia hatujaonekana, yeye atajua kwamba sisi si watu wa kuoa.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Tobia mwenyewe, maana baba yangu alikuwa amefariki, na mkimya yule akisimama kusema mbele za watu maneno yake yalikuwa machache na mazito. Mzee wa ukoo alikuwa baba yangu mdogo, Laurenti. Na gari lilikuwa lori la Sadala, mfanyabiashara wa buni, ambaye alikuwa anakwenda hukohuko. Shida ni kwamba lori lenyewe lilikuwa juu ya magogo kibandani kwetu, difu imekufa. Alhamisi Sadala alileta krauni na pinioni mpya kutoka Bukoba.

Pamoja nazo alileta kitu kingine. Alipokuwa mbugani wiki iliyotangulia, Koku alimpa kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ukindu, ndani mna samli. Vijana wa kule wakienda kuposa hujipaka samli mwili mzima wang'ae. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwambie ajipake siku ya kuja, watu wasidhani nimependa debe la oili." Nilikilaza kibuyu kile kichwani pa kitanda changu. Nilikinusa, nikakifunga, nikakifungua nikakinusa tena. Cheka tu, mwanangu. Zamu yako itafika.

Ijumaa alfajiri tulifunga difu juu ya meza, tukapaka udongo, tukasoma. Alama ilikuwa imezama shinani. Mzee Tobia akaitazama kwa muda, akasema, "Pinioni imeingia mno. Ongeza kipande kimoja kwenye kikombe chake, hiki kinachoibeba, irudi nje kidogo. Kesho alfajiri tutaisoma tena." Jua lilipopanda ikaja habari kwamba mtoto wa dada yake amefariki kijiji cha jirani. Akavaa koti lake. Mlangoni akageuka.

"Karoli, usiifunge mpaka niione."

"Sawa, Mzee."

Nikaongeza kipande. Kisha nikakaa pale nikipiga hesabu za saa. Tukisoma kesho alfajiri, na ikionekana haijakaa, tufungue tena, tufunge tena, turudishe difu kwenye ekseli, tujaze oili, tuvishe magurudumu; tutaondoka saa ngapi? Na barabara yenyewe ile ya mawe na mabonde? Niliwaona ng'ombe wa Mzee Katabaro wakiingia zizini mmoja mmoja na mimi bado nakaza nati Nyaishozi. Adhuhuri ile, mabati yakiwaka juu ya kichwa, nikaamua kuisoma mwenyewe.

Samli ya Mzee Tobia ilikuwa imekwisha asubuhi. Nikakiendea kibuyu cha Koku. Nikasema, kijiko kimoja tu, na tena si ndiyo baraka yenyewe, samli yake isafishe njia ya kwenda kwake? Nikakanda udongo, nikapaka, nikazungusha huku nikizuia kwa goti. Mwanangu, sijawahi kuona alama nzuri vile. Ilitanda jino zima, nyekundu, inang'aa, haina doa. Nikapiga kofi, peke yangu kibandani. Nikafunga difu, nikaipandisha kwenye ekseli kwa msaada wa wapita njia, na jua lilipotua lori lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yake.

Umeshaelewa? Mimi sikuelewa. Samli ile ilikuwa changa, na chini ya bati la moto ililainika ikawa maji. Pinioni ilipopita, udongo haukufutika pale palipogusana, ulitiririka ukaenea kila mahali. Alfajiri samli huganda, na udongo hukaa pale ulipowekwa. Ndiyo sababu ya baridi, ndiyo sababu ya vidole kuuma. Mimi sikusoma jino, nilisoma moyo wangu mwenyewe uliopakwa udongo mwekundu.

Mzee Tobia alirudi Jumamosi asubuhi, macho mekundu ya msibani. Akalikuta lori limefungwa, Sadala anapakia magunia ya chumvi, mimi nimevaa shati jeupe nang'aa samli mpaka masikioni. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole. Akaitikia. Akalizunguka lori polepole na goti lake.

"Umeisoma lini?"

"Alfajiri, Mzee."

"Alama ilikaa wapi?"

"Katikati."

Akanitazama, akatazama mikono yangu, kisha akapanda kwenye kebini. Uongo wa kwanza hauna uzito, mwanangu. Unatoka mdomoni kama pumzi.

Mpaka Nyakahanga difu ilikaa kimya nami nikawa naimba. Tulipoiacha Nyakahanga na kuanza milima ya kuelekea Kyerwa, nikaisikia. Sauti nyembamba, ya mbu ndani ya chandarua. Tukishuka inapotea, tukipanda inarudi, na kila mlima ikarudi nene kidogo. Sadala akasema ni upya tu, vyuma vinazoeana. Mimi nikasema ndiyo, ni upya. Mzee Tobia alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Mchana, juu ya kilima kimoja, akasema, "Simamisha." Akashuka, akalilaza lile goti lake bovu kwenye vumbi kwa shida, akaingia chini ya lori. Akatemea mate difu. Tulisikia mate yakikaanga. Akatoka, akajipangusa, akasimama mbele yangu. Pembeni alikuwa Baba mdogo Laurenti na kanzu yake ya sikukuu, na Sadala na ufunguo mkononi.

"Karoli," akasema taratibu, "uliisoma lini hii?"

Nataka uisikie sauti hiyo kama nilivyoisikia mimi. Haikuwa sauti ya ukali. Ilikuwa ya chini, karibu ya kubembeleza, ya mtu anayemwita mtoto atoke alikojificha. Na mimi nilitaka kutoka, nakuapia. Neno lilifika kooni. Lakini nikaiona kanzu ya baba mdogo, nikaliona shati langu jeupe, nikafikiri: siku ya posa yangu, mbele ya mzee wa ukoo na mbele ya mwenye lori, nijulikane mwongo? Mshenga atanisemeaje ukweni akiwa amenijua hivyo?

"Alfajiri, Mzee," nikasema. Na nikaongeza, kwa kiburi ambacho mpaka leo kinanichoma, "Nimeshakuambia."

Mkono wake ulikuwa umeingia kwenye mfuko wa koti. Ukakaa humo kidogo. Kisha ukatoka mtupu.

"Haya," akasema. "Twende."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mlima wa mwisho. Jua lilikuwa limeanza kuinama, lori linapanda kwa gia ya kwanza, difu inalia kilio ambacho hata mbuzi kando ya barabara walikikimbia. Kikasikika kishindo kimoja, kikafuatiwa na kelele za vyuma vikisagana, kisha kimya. Injini inanguruma, propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, inazunguka, magurudumu hayaendi. Lori likaanza kurudi nyuma, tukaruka tukatia mawe.

Nilikimbia kwa miguu mpaka juu ya mlima ule. Chini yangu mbuga yote ilikuwa wazi, majani ya kijani yameanza kugeuka dhahabu. Nikaona moshi wa maboma. Nikaona ng'ombe wakirudi, mistari mirefu ya ng'ombe na vumbi lao, kutoka pande tatu, wakielekea nyumbani bila haraka. Sikujua wa Mzee Katabaro ni wapi, nikawa nawatazama wote. Kwa miguu ya kijana haikuwa safari ya kutisha. Ningekimbia ningefika.

Nikarudi mbio. "Baba mdogo, twende kwa miguu!"

"Nikaseme nini?" akajibu. "Mdomo wa posa ni huyo hapo, na goti hilo. Tumwache njiani?"

"Basi niende mwenyewe niwaambie tumekwama."

Akanishika mkono. "Waitu, Karoli! Mposaji anayefika peke yake jua likizama ni mwizi wa mtoto wa watu. Kaa."

Nikakaa juu ya jiwe. Samli iliniyeyukia mwilini ikachanganyika na vumbi. Jua likazama.

Asubuhi katekista wa pale kilimani alituazima baiskeli, tukamkalisha Mzee Tobia nyuma, mimi nikisukuma. Mzee Katabaro alitupokea vizuri, na uzuri ule ndio ulionivunja. Alitukalisha, akatuuliza habari za njiani, akamwita binti yake alete maziwa. Koku akapiga magoti akatupa maziwa bila kuinua uso. Baba yake akatuambia kwamba jana kikapu cha kahawa ya kutafuna kilikaa mlangoni tangu mchana kutungoja. Wale wengine walitoka kwao giza la alfajiri, kwa miguu, wakafika ng'ombe wa mwisho wanaingia.

"Sikuwakataa ninyi," akasema. "Nimewapokea waliofika."

Mzee Tobia alisimama akaomba radhi kwa niaba yetu. Alisema gari liliharibika. Hakusema kwa nini. Alinisitiri mbele za watu, yeye niliyemjibu kwa kiburi, na sikuwahi kumlipa hilo.

Tulipoifungua difu siku zilizofuata, akayapanga meno yaliyovunjika kwenye karai moja baada ya jingine. Meno yaliyobaki yalikuwa yamesuguka shinani, ukanda mwembamba mweupe, palepale alama ya Ijumaa ilipokuwa. Nikaona, nikaanza kulia, nikamweleza yote: adhuhuri, bati, samli ya Koku, jinsi alama ilivyotanda jino zima.

"Alama ya kweli ina ukingo," akasema. "Isiyo na ukingo si alama, umepaka rangi tu."

Kisha akatia mkono mfukoni mwa lile koti, akatoa kipande cha bati chenye duara na matundu ya nati, akakiweka kiganjani mwangu.

"Nilikikata msibani, usiku wa Ijumaa, nikakitia mfukoni kama kitahitajika. Pale kilimani nilikuwa nacho. Tungefungua propela, tungevuta kikombe, tungetia hiki, tungefunga. Kazi ya saa mbili tu, Karoli. Tungefika jua likiwa juu." Akanitazama usoni. "Uliponijibu mara ya kwanza nilijua. Unadhani nilikuuliza mara ya pili kwa sababu nilikuwa sijui?"

Nikakifumba kile kipande kiganjani.

"Sasa kwa nini hukuitia tu, Mzee?" niliuliza baadaye.

"Kwa sababu ulisema umeisoma alfajiri. Ikiwa kweli uliisoma alfajiri na ikakaa katikati, basi kipande hiki kingeiharibu. Ningefungua difu ya watu juu ya neno gani? Fundi anafanya kazi juu ya neno la fundi mwenzake. Hicho ndicho chuma chetu cha kwanza."

Niliendelea na kazi kwake mpaka alipofariki. Nilioa, nikabarikiwa watoto, na mke wangu aliijua habari hii yote. Lori likilia mlimani jioni alikuwa akiniambia, "Hilo lako linapita," na kunisogezea chakula. Alikuwa mwanamke mwema kuliko nilivyostahili. Nilimpenda, na nilimkumbuka Koku, na moyo wangu haukuwahi kuona ugumu wa kufanya yote mawili. Usinihukumu mpaka uzeeke.

Miaka ilipita mingi. Nywele zilipokuwa zimeanza kuwa nyeupe nilikwenda Rubwera kwa shughuli ya cheti cha mtoto, na kwenye benchi la kungojea akaja kuketi mama mmoja mrefu na mjukuu mgongoni. Nilimjua kabla hajakaa. Tukaamkiana. Tukaulizana watoto, tukapeana pole za waliotangulia. Kisha akawa anambembeleza mjukuu, na mwisho akauliza bila kunitazama:

"Siku ile, gari liliharibika kweli?"

"Liliharibika kweli," nikasema.

Ingetosha. Ilikuwa kweli, na Mzee Tobia alisema hivyohivyo. Lakini akageuka akanitazama na macho yaleyale, akauliza tena, polepole:

"Liliharibika lenyewe, Karoli?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia adhuhuri na bati la moto, na kijiko cha samli yake, na uongo wa kwanza na uongo wa kilimani, na mkono uliotoka mtupu mfukoni. Aliponisikiliza mpaka mwisho machozi yalikuwa yamemjaa, ila kinywa kilikuwa kinatabasamu.

"Tulilisikia," akasema. "Nilikuwa nimesimama nje ya boma. Nililisikia likilia kule nyuma ya mlima, linakuja, linakuja. Nikamwambia mama, hao wanakuja. Halafu likanyamaza." Akampandisha mjukuu mgongoni. "Miaka yote nilikuwa najiambia labda liligeuza likarudi. Labda mlibadili nia. Asante kwa kuniambia."

Wakaita jina lake dirishani, akainuka akaenda. Sikumwona tena. Kibuyu chake ninacho mpaka leo, na ndani yake kimo kile kipande cha bati. Samli imeisha zamani, lakini siku ya mvua nikikifungua, harufu bado ipo kidogo, au najidanganya.

Mwanangu, utaambiwa na wengi kwamba haraka haina baraka, nao wamesema kweli. Utaambiwa pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Yashike. Lakini mimi sikumpoteza Koku kwa haraka yangu ya Ijumaa. Haraka ile ilikuwa na dawa, na dawa yake ilikuwa ndani ya mfuko wa koti, hatua mbili kutoka niliposimama. Nilimpoteza pale kilimani, kwa kuogopa aibu ya saa moja. Mtu anayekupenda akikuuliza jambo mara ya pili, kwa sauti ya chini, usidhani hakusikia jibu lako la kwanza. Amelisikia. Ameshajua. Anakushikia mlango ili upite, na mkono wake mwingine umeshika kitu cha kukusaidia. Mkono huo hauwezi kukaa mfukoni milele. Jibu ukweli hapohapo, hata kama shati lako ni jeupe, hata kama watu wote wanakutazama. Na wewe ukishakuwa mzee, ukadanganywa na kijana unayempenda, usimpigie kelele. Muulize tena.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie mzigo unaouweza na milima yenye kilele. Akupe watu watakaokuuliza mara ya pili, na akupe ulimi wa kuwajibu lori lingali limesimama.